Ekzosi ya Mjomba Shija

Katoro, Jumapili alasiri

Kabula, mayu, mwanangu,

Begi lako la bluu limezidi uzito, na mwenye kosa ni mimi. Chini kabisa, chini ya viatu vya kazi, nimeweka kipande cha bomba chenye urefu wa kiganja changu, nimekifunga kwa kitenge kilichochakaa. Usimlaumu mama yako kwamba amekujazia michembe ya viazi kupita kiasi. Michembe ipo, tena si haba, lakini iko juu. Ukikikuta hicho kipande usikitupe dirishani. Soma kwanza.

Nimefunga karakana mapema. Wewe na mama yako mmekwenda kusuka, na nijuavyo nywele zako hamtarudi kabla ya jua kuzama, kwa hiyo nina muda. Barua hii nitakupa kesho mlangoni mwa basi. Nikikupa leo utaisoma hapa mbele yangu, na mimi sina uso wa kukutazama ukiisoma. Hilo nalikiri tangu mwanzo. Baba yako ni mtu wa kuchomelea vyuma, maneno yanamshinda.

Mambo ya kula, kulala, kuvaa miwani ya giza na kutotembea na simu mkononi huko Dodoma, mama yako ameyasema wiki nzima, na kesho stendi atayarudia. Mimi siyagusi. Unakwenda kwenye karakana ya watu kutengeneza ekzosi za pikipiki na bajaji. Siku ya kwanza watakusimamisha mbele ya rundo la mabomba wakuambie, "Haya, chagua." Nataka ujue namna nilivyochagua mimi siku moja, kule Didia, ulipokuwa na miaka minane.

Nisingeandika kama si yule dada aliyekuja Jumanne na bodaboda wake, amempakata mtoto. Nilikuwa nimeshika grinda. Nikakuona umeinama, umekunja suruali ya ovaroli, unamwonyesha kovu lako la mguu wa kulia. Ukamwambia, "Dada, mtoto mshushe kushoto siku zote. Mimi niliungua hivi kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilishukia upande wa ekzosi. Mtoto nilikuwa kichwa maji, acha tu!" Mkacheka wote wawili. Mimi nikazima grinda, nikajifanya natafuta diski.

Lile kovu si kosa lako, Kabula. Ni langu. Nimelijua hilo miaka kumi na miwili, na sikutaka ufike kwa watu wengine ukiwasimulia uongo niliokufundisha mimi.

Sasa nieleze kwa utaratibu, maana wewe unanijua, nikirukaruka napotea.

Ufundi nilijifunza kwa Mzee Salumu, Shinyanga mjini. Babu yake alitoka pwani na mafundi wa reli, akaoa Msukuma, hakurudi tena. Mzee Salumu alikuwa mkali, na akiungua kidole alikuwa akitukana kwa lugha tatu, kisha anaomba radhi kwa Mungu kwa lugha moja. Kwake nilikaa miaka minne. Alinifundisha kwamba ekzosi inateswa na vitu vitatu: joto, mtikisiko, na maji. Maji ndiyo watu wanayasahau. Ukizima pikipiki, moshi uliobaki ndani unapoa unakuwa unyevu, unakula chuma kutoka ndani huku nje rangi bado inapendeza.

Bomba jeusi la kawaida, likiwa na unene wa kutosha, halikusumbui. Linakubali kukunjwa, linakubali rodi ya kuchomelea, na kinachoweza kuliua ni kutu, na kutu haina haraka. Stenlesi, chuma kisichoshika kutu, ni nzuri kuliko jeusi, lakini ni ghali, inataka rodi zake na mkono uliotulia. Ukiichomelea kwa pupa inapinda. Aluminiamu tuwaachie wauza sufuria. Kwenye shingo ya ekzosi, pale inapotokea injini, italegea tu. Halafu kuna galvanaizi, yaani lile bomba la maji lililopakwa zinki. Hilo kwa macho linayashinda mengine yote. Ukiligusisha moto wa rodi linatoa moshi mweupe, mdomoni unasikia utamu, na jioni unatetemeka ukidhani ni malaria. Mafundi husema dawa yake ni maziwa. Nimeyanywa miaka mingi, na aliyepata afya ni muuza maziwa.

Ubaya wa galvanaizi hauishii kwenye homa. Ule moshi ukinaswa ndani ya mshono unaacha matundu, na mshono wenye matundu haudumu kwenye mtikisiko. Mzee Salumu alikuwa akisema, ukilazimika sana, likwangue kwa tupa mpaka uone chuma kitupu, nje na ndani, na usimame upepo unakotokea. Kama huwezi kufika ndani, liache likapitishe maji, ndiyo kazi yake.

Hayo yote niliyajua. Ukisoma yanayofuata usije ukasema baba alikuwa hajui.

Mwaka ule nilikuwa na kibanda changu Didia, kando ya barabara. Ng'ambo palikuwa na fundi mwingine, kijana kuliko mimi, ana jenereta jipya, na watu walikuwa wameanza kumkimbilia. Siku moja akapita mnunuzi wa vyuma chakavu aliyetoka upande wa Geita, ana lori, akaniuzia mabomba mawili yanayong'aa. Akasema yametoka mgodini.

Didia wakati ule neno hilo lilikuwa na uzito. Sisi tuliokaa mbali na migodi tuliamini kila kinachotoka huko ni kigumu, hakifi. Boliti ya mgodini, waya wa mgodini, hata ndoo tupu ya mgodini mtu aliificha chini ya kitanda. Mimi niliyelelewa na Mzee Salumu nilijua kwamba mgodini nako watu wanakunywa maji, na maji yao yanapita kwenye mabomba ya kawaida. Niliyashika yale mabomba mkononi nikajua ni galvanaizi. Hata hivyo niliyaning'iniza mbele ya kibanda, juani.

Watu wakaja kutazama. "Fundi, hii ndiyo stenlesi?" Nikawajibu, "Imetoka mgodini." Ona nilivyokuwa mjanja. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Wenyewe walijaza kilichobaki, wakaenda kutangaza.

Mjomba wako Shija, mdogo wake mama yako, alikuwa na pikipiki ya kwanza maishani mwake. Alikuwa anaiosha asubuhi na jioni mpaka bibi yako akamuuliza kama ataioa. Ekzosi yake ikaliwa na kutu shingoni. Akaja mbio.

"Shemeji, nifungie ile ya mgodini."

Bomba jeusi lilikuwepo, limesimama pembeni, unene wa milimita mbili, zuri kabisa. Ningemwambia, "Hilo la mgodini ni la maji, chukua hili." Maneno machache tu. Lakini kibandani walikuwepo watu wanne watano, na mmoja wao alikuwa Mzee Ndaki, mfugaji, ameleta plau lake nimchomelee. Mzee Ndaki akasema, "Fundi, si huwa una sumaku wewe? Itie basi tuone kama kweli stenlesi hainaswi."

Hakuwa na ubaya wowote. Alitaka kuona tu, kama mtu anavyotaka kuona mganga anavyopiga ramli. Nami nikamjibu, "Mzee, sumaku ni ya kupimia mali ya mtu usiyemwamini."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Sumaku ilikuwa mfukoni mwangu upande wa kulia. Nilikuwa naihisi pajani.

Nikakata, nikakunja, nikaanza kuchomelea. Nje nilikwangua kidogo kwa ajili ya macho ya watu. Ndani sikukwangua. Moshi mweupe ukatoka, nikawaambia, "Chuma cha nguvu hicho, ndivyo kinavyolia." Mshono ulipopoa nikauona. Ulikuwa na matundu kama mgongo wa kitumbua. Pale pale nilipaswa kukata nianze upya na lile jeusi. Watu walikuwa wanatazama, na fundi wa ng'ambo naye alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama. Nikapitisha grinda mpaka mshono ukawa laini, na kadiri nilivyosaga ndivyo nilivyoupunguza chuma. Kisha nikapiga rangi ya fedha. Shija akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Wabeja, shemeji, asante sana," akaondoka anapiga honi.

Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, mama yako akakutuma kwa bibi yako, na Shija ndiye aliyekubeba. Nilikuwa kazini mtu alipokuja anakimbia. Nilikukuta umelala chini, upande wa kulia wa pikipiki, Shija anakumwagia maji mguuni. Watu walishajaa. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu akasema, "Kateremkia upande wa ekzosi. Watoto, jamani, hawana utulivu!" Mwingine akasema ndiyo, na mwenye pikipiki naye amezidi, anaachaje mtoto ashuke hovyo.

Mimi nikaangalia bomba kabla sijakuangalia wewe. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nikaona mshono wangu umefunguka kama mdomo, na ncha ya bomba imesogea nje, mpaka pale mguu wa abiria unapokaa. Kisha nikainama nikakubeba, na watu walipouliza kulikoni, nikasikia sauti yangu inasema, "Kateremkia ekzosi."

Tukakupeleka hospitali ya Kolandoto. Wauguzi wa pale, Mungu awabariki, walikuosha kidonda kila siku wakikuimbia. Mama yako hakulala siku mbili. Siku ya tatu alitoka kwenda kufua, tukabaki wawili. Ukawa unatazama dari kwa muda mrefu, kisha ukaniuliza, "Baba, mbona mimi nilikuwa bado nimekaa?"

Kabula, kama kuna swali nililopaswa kulijibu katika maisha yangu, ni hilo. Hapakuwa na mtu wa kunicheka. Mzee Ndaki hakuwepo. Nikakujibu, "Ulishuka, mayu. Umesahau kwa sababu ya maumivu."

Ukanitazama. Ukasema, "Haya." Mtoto wa miaka minane anamwamini baba yake kuliko anavyouamini mguu wake.

Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi. Kila mgeni aliyekuja kukuona nilimsimulia, nawe ukiwa unasikiliza. Ulipofika darasa la nne ulikuwa unaisimulia mwenyewe, tena umeongeza: kwamba ulimwona mbuzi mweupe, ukaruka kumfuata. Hapakuwa na mbuzi. Yule mbuzi amenitesa kuliko hata kovu, maana kovu nilikupa kwa uzembe, lakini mbuzi ulimtengeneza wewe ili uongo wangu upate miguu. Na nyumbani ikawa kikivunjika kikombe ni "Kabula na pupa zake." Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo, nakula ugali wangu.

Huna pupa. Nimekutazama miaka mitano ukifanya kazi pembeni yangu. Unalitazama bomba, unaligeuza, unaligonga, unalitazama tena, ndipo unawasha mashine. Wateja wanakuuliza kama umelala. Nimewahi kujifariji kwamba uangalifu huo umeupata kutokana na ile ajali, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na faida. Upuuzi mtupu. Wewe ulizaliwa hivyo, bibi yako mzaa mama ndivyo alivyo, huchagua choroko moja moja.

Wiki moja baada ya wewe kutoka hospitali, Shija alikuja kibandani na ile ekzosi ndani ya gunia. Akaiweka mezani.

"Shemeji, angalia."

"Nimeshaangalia."

"Mtoto hakushuka. Alikuwa amekaa. Nyuma yake kuna kiroba cha mchele nimekifunga kwa mpira, asingeweza hata kuinua mguu. Mimi ndiye niliyemshusha, nikamlaza chini."

"Najua."

"Dada yangu hasemi na mimi. Anasema nilimwacha mtoto ashuke hovyo."

"Najua, Shija."

"Sasa utasema lini?"

Nikamwambia, "Akipona." Akanitazama sana. Alikuwa na haki ya kunipiga, na angenipiga ningenyamaza. Akasema, "Mimi sitasema, shemeji. Nikisema mimi itakuwa nimejitetea. Hilo ni la kwako." Akaondoka kwa miguu.

Ulipona. Sikusema. Shija akauza pikipiki, akarudi kwenye mpunga, na mpaka leo ndiyo kazi yake. Unakumbuka harusi ya shangazi yako, mjomba alivyokuwa akikupitishia soda, ukaninong'oneza kwamba mjomba huyu hakupendi, anakutazama miguu tu? Uliniuliza kwa nini. Nilikuambia ana aibu ya watu. Mama yako na yeye ni tumbo moja, wamenyonya ziwa moja, na wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. Mdogo wako alipozaliwa, Shija alimletea jogoo. Mama yako akampokea jogoo, mtoto hakumpa ambebe.

Ile ekzosi niliikata, nikatoa ule mshono, nikauficha chini ya kile kipande cha reli ninachofulia vyuma. Tulipohama kuja Katoro nilihama nao. Mnadhani tulikuja huku kufuata bodaboda na fedha za dhahabu. Na kweli kazi imekuwepo, hatujalala njaa. Lakini nilichokimbia ni Mzee Ndaki. Alikuwa akipita kila gulio, ananiamkia kwa heshima na kunisifu lile plau, nami nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Huku Katoro umejionea mwenyewe. Mchimbaji akipata, kabla hajanunua godoro anataka ekzosi inayolia mpaka Ushirombo. Unamkumbuka yule aliyetaka ya shaba, ing'ae kama mali aliyoitoa shimoni? Hukuwepo nilipomkatalia, ulikuwa shule. Nilimwambia shaba kwenye shingo ya injini itageuka nyeusi na kulegea. Nilisema mara moja, polepole, huku natafuta rodi. Akaenda kwa mwingine. Baada ya wiki mbili akarudi na kitu cheusi kimepinda kama mkia wa mbwa, akanifokea, "Fundi, ulijua?" Nikasema nilikuambia. Akasema, "Ungeniambia kama mtu anayejua! Wewe ulininong'oneza!" Nilicheka sana siku ile. Jioni nikakaa peke yangu, nikaelewa alichosema.

Tangu Didia sijachomelea galvanaizi kwenye ekzosi ya mtu, na kila bomba natia sumaku mbele ya mteja, hata asipouliza. Nikawa mwoga hadi nikapitiliza. Kuna mwaka nililetewa bomba la ekzosi ya gari kuukuu. Nikatia sumaku, ikanasa, nikalitupa nje nikisema hili si stenlesi, msinidanganye. Jirani yetu wa gereji akaliokota. Kumbe zipo stenlesi zinazonaswa na sumaku, na za ekzosi za magari nyingi ni hizo. Lile bomba liko kwenye pikipiki yake mpaka leo, nalisikia likipita kila asubuhi, na jirani hupiga honi kunikumbusha. Kwa hiyo sumaku nayo usiiabudu. Tazama cheche za grinda kama ni ndefu za njano au fupi nyekundu, tazama rangi ya moshi, uliza lilitoka wapi, halafu usiamini jibu la kwanza. Huku kwetu hata mtoto anajua si kila king'aacho ni dhahabu. Likija suala la bomba, tunasahau.

Sina zaidi ya kukufundisha kuhusu vyuma. Umeshanipita, na nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli. Jambo moja tu ambalo huwezi kulijua kwa kutazama chuma: siku ile tatizo halikuwa kwamba sikujua bomba la kuchagua. Bomba jeusi lilikuwa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Walikuwepo watu wanaonitazama, basi. Nawe utatazamwa, tena zaidi yangu, kwa kuwa ni msichana na watakuja kuona kama kweli unaweza. Mshono ukitoka na matundu, kata mbele yao. Wakicheka, wacheke. Na mtu akikuuliza swali la ndiyo au hapana, mjibu ndiyo au hapana, usimwambie limetoka wapi.

Kipande nilichokutia kwenye begi ndicho ule mshono. Ukikigeuza utaona ndani zinki bado nyeupe, na matundu utayahesabu. Kiweke mezani kwako ukitaka, au kitupe; kwangu kimekaa vya kutosha.

Kesho basi lako likishaondoka, kabla hatujatoka stendi, nitamwambia mama yako. Sitasubiri tufike nyumbani, maana nikifika nyumbani nitapata kazi ya kufanya. Atakasirika, na namwogopa, nakuambia ukweli. Akikupigia simu analia, usinitetee. Jumamosi nitakwenda Didia kwa Shija, pamoja na mama yako akikubali, peke yangu akikataa. Nikitoka kwa Shija nitapita kwa Mzee Ndaki, kama bado yupo, nimwambie kwamba sumaku ingenasa.

Wewe sikuombi unisamehe leo. Mtoto akiombwa na baba yake anaona hana budi, na mimi nimeshakulazimisha vya kutosha. Kasirika kwanza. Safari ni ndefu, una siti ya dirishani. Niliona ukiichagua nikafurahi. Nakupenda, Kabula, na sijawahi kukuambia, na naona haya kwamba nakuambia ndani ya barua ya namna hii.

Ila watu wa huko wakikuuliza kovu umelipata wapi, naomba usiwaambie habari za mbuzi. Waambie baba yako alichagua bomba baya huku akijua, na wewe ulimuuliza swali zuri hospitalini akakujibu vibaya. Nimechelewa, lakini nalijibu.

Ndiyo, mayu. Ulikuwa bado umekaa. Mjomba wako aliniambia ulikuwa umekaa vizuri, umeshika shati lake kwa mikono miwili, unaimba.

Baba yako